Damu Nyepesi

Swali lenyewe lilikuwa jepesi, na Mama Redio alilijibu kabla halijamalizika.

"Mama, kuna dawa yoyote una—"

"Ninayo ya presha, mwanangu. Basi. Mimi si mtu wa madawa."

Daktari wa meno akaandika. Alikuwa kijana mpole mwenye vidole virefu, na tangu mama huyu aingie hakuwa amefanikiwa kumaliza sentensi hata moja. "Na dawa za kienyeji?"

Mama Redio aliinuka kwenye kiti cha wagonjwa kana kwamba kimemchoma. "Za kienyeji? Mimi? Magoti haya yameota sugu kwa kusali, leo uniulize habari za waganga? Mkwe wangu, hebu mwambie huyu kijana mimi ni nani."

"Samahani, mama. Tunawauliza watu wote."

"Basi waulize watu wote. Mimi umeshaniuliza."

Mkwe mwenyewe, mke wa mwanawe, alikuwa amesimama mlangoni akikumbatia mikoba miwili, wake na wa mama mkwe. Kazi yake ilikuwa kufua mashuka ya nyumba za wageni. Mtaani walimwita Dobi, na hata mumewe alikuwa amelizoea jina hilo. Daktari akamgeukia.

"Ni hivyo, dada? Hakuna kingine?"

"Hakuna, daktari," alisema Dobi. Alikuwa anasema kweli, kama alivyoijua.

Nesi alifunga kipima presha kwenye mkono wa mgonjwa, akasubiri, akatazama namba. "Iko juu kidogo, daktari."

"Ni hayo makoleo yenu," alisema Mama Redio. "Ungelala wewe hapa ukaoneshwa koleo, presha yako ingetoboa dari."

Wote walicheka, daktari naye akacheka. Akachoma ganzi, akasubiri ishike, akalikamata gego lililokuwa limemnyima mama huyu usingizi wiki nzima. Likatoka zima na mizizi yake. Akakunja kipande cha shashi, akakiweka kwenye pengo.

"Sasa uma, mama. Uma kwa nguvu. Usiteme, usiongee mpaka nikuambie."

Mama Redio akauma, na chumba kikawa kimya ghafla. Aliitwa Mama Redio kwa sababu, walivyosema majirani, alizaliwa bila kitufe cha kuzimia. Kumbe kipo, Dobi aliwaza, tena kiko mdomoni. Papo hapo akamwomba Mungu msamaha.

Walitoka wakakaa kwenye benchi la kusubiria, chini ya picha kubwa ya meno meupe yasiyo na mwenyewe. Nesi alisema damu kidogo ni kawaida. Baada ya muda akaja kubadilisha shashi. Ya kwanza ilitoka imelowa chapachapa. Akaweka ya pili, nayo ikalowa. Mama Redio alikuwa ameshika leso chini ya kidevu, na Dobi akaitazama ile leso kwa jicho la kazini.

Kwenye mashuka alikuwa ameona damu za kila namna. Damu ikiachwa kidogo tu huanza kujifunga pembeni, ikafanya ukingo wa kahawia, na ukingo huo ndio humtesa dobi. Hii haikuwa na ukingo. Ilikuwa inatambaa kwenye kitambaa kama chai ya rangi iliyomwagika, nyekundu na laini, na haikuonyesha dalili ya kusimama.

"Mama, unajisikiaje?"

Mama Redio alimpungia mkono kwamba asimsumbue. Lakini mkono ulishuka polepole kuliko ulivyopanda.

Mume wa Dobi alikuwa dereva wa lori, yuko safarini. Asubuhi alipiga simu akasema maneno mawili tu: mwangalie mama. Dobi akaitika, maana si neno la kujadili. Sasa akaanza kuisikia sauti ya mawifi zake, dada za mume, kana kwamba wamekaa naye pale kwenye benchi. Nani alimpeleka? Si yeye? Na mama si alikuwa mzima anatembea?

Hawakuwa maadui, yeye na mama mkwe. Waliishi nyumba moja, wakachekeana na kununiana kama watu wanaotumia jiko moja. Ila Mama Redio alikuwa na msemo wake. Wakibishana, hata jambo dogo kama chumvi ya mboga, angehitimisha kwa kusema, "Ndiyo hivyo, mkwe ni mkwe. Damu nzito kuliko maji." Pengine aliusema huku anacheka, huku anampakulia chakula. Dobi alikuwa ameumeza miaka yote ya ndoa, na haukuwahi kuwa mtamu.

Shashi ya tatu ililowa upesi kuliko ya pili. Uso wa Mama Redio ukaanza kupauka. Akaegemeza kichwa ukutani, yeye ambaye hakuwahi kuegemea kitu mbele za watu.

"Nesi!" Dobi aliita, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe.

Wakamrudisha kwenye kiti. Daktari akamulika taa, akabana pengo kwa kidole chake mwenyewe, akaachia, akatazama, akabana tena. Nesi alipima presha, safari hii hakusema "kidogo". Alimwonesha daktari namba kimyakimya.

"Mama, usiongee," alisema daktari. "Tikisa kichwa tu. Kuna dawa yoyote ambayo hukuniambia?"

Kichwa kikatikisika: hapana.

"Ya maumivu? Labda ulinunua dukani kwa ajili ya jino?"

Hapana.

"Ya kienyeji? Hakuna atakayekulaumu."

Mama Redio alinyanyua kiganja kuelekea juu, kama mtu anayeapa mahakamani.

"Mama hasemi uongo, daktari," alisema Dobi.

"Sijasema ni mwongo." Akamgeukia nesi, akashusha sauti, lakini chumba kilikuwa kidogo. "Pengo halina shida. Jino nimeling'oa vizuri. Kuna kitu kinafanya damu yake iwe nyepesi."

Nyepesi.

Neno hilo lilimkumbusha Dobi kitu. Alikuwa amelisikia hivyo hivyo jikoni kwake. Mama Redio kwenye kigoda, akikoroga kikombe kwa madaha: "Mkwe wangu, tangu nianze hii lishe damu yangu imekuwa nyepesi. Naisikia inavyotembea. Ngazi nazipanda kama msichana wa shule." Na kando yake Mshauri, jirani aliyejiita mshauri wa afya mpaka jina lake halisi likasahaulika, akitikisa kichwa kwa furaha. "Damu nzito ndiyo mzazi wa magonjwa yote, mama. Na kumbuka, hii si dawa. Dawa ina madhara. Hii ni lishe."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuiita dawa. Dobi alikosea mara moja tu, akauliza, "Mama, umeshakunywa dawa yako?" Akachambwa mpaka akakoma. "Usiniitie magonjwa nyumbani kwangu! Ni lishe." Na kweli Mama Redio aliichukulia kama chakula. Kabla hajakinywa kikombe chake alifumba macho, akakishukuru kwa Mungu, kama mtu anavyoshukuru kwa ugali na maji. Basi mtu akimuuliza habari za dawa, angetaja vipi chakula?

"Daktari," alisema Dobi. "Kuna lishe."

Macho ya Mama Redio yalifunguka. Akatikisa kichwa kwa nguvu, na damu ikachuruzika pembeni mwa mdomo. Nesi akaifuta.

"Si dawa," Dobi akaongeza haraka, kama mtu anayeomba radhi pande mbili. "Ni unga. Anaweka kwenye chai. Anayemletea alisema unafanya damu iwe nyepesi."

Daktari alisimama na taa mkononi. "Unapita mdomoni?"

"Ndiyo."

"Basi hicho ndicho nilichokuwa nauliza."

"Lakini uliuliza dawa, daktari."

Hakulisema kwa ubishi. Kijana yule akaishusha taa. "Kweli," alisema. "Niliuliza dawa." Kisha akarudi kwenye haraka yake. "Nataka kukiona chenyewe. Mkebe, mfuko, chochote anachotumia. Kiko wapi?"

Dobi alimgeukia mama mkwe. Shingoni mwa mama mkwe, kwenye uzi mweusi, ulining'inia ufunguo mdogo. Ulikuwa wa sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda chake. Tangu mumewe afariki na mwanawe aoe, nyumba ilikuwa imehama polepole kutoka mikononi mwake: jiko la mkwe, kabati la mkwe, hata ndoo za maji zimepangwa anavyotaka mkwe. Sanduku lile tu ndilo lililobaki lake. Hakuna aliyewahi kuliona ndani.

Mama Redio aliukamata ule ufunguo kwa ngumi.

"Mama, naomba ufunguo."

Kichwa: hapana.

"Nitachukua mkebe tu. Sitagusa kingine."

Hapana. Ngumi ikakaza, vidole vikawa vyeupe. Machoni kwake hakukuwa na hasira ile aliyoizoea Dobi. Ilikuwa hofu, na Dobi akadhani anaijua sababu yake. Ameficha kitu humo, alijiambia. Mwanawe alimwambia asinunue kingine kwa Mshauri, naye kanunua.

Daktari alikuwa anabana pengo, jasho limemtoka kwenye paji la uso. "Dada, kama si sasa, nampeleka hospitali nikiwa sijui ninachopambana nacho. Watamuuliza swali lile lile nililomuuliza mimi."

Dobi akapiga magoti kando ya kiti, uso wake ukawa sawa na wa mama mkwe. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Nyumba yenye redio haihitaji nyingine.

"Mama, unasemaga damu nzito kuliko maji. Sawa. Mimi ni maji. Lakini yako imekuwa nyepesi kuliko mimi, iangalie hiyo leso. Wanao wa damu wako mbali. Aliyepo ni mimi. Nipe, mama. Ukipona unifukuze."

Nesi aliinamisha uso. Mama Redio alimtazama mkwe wake kwa muda ambao Dobi aliuona mrefu kama mwaka wa njaa. Kisha tone moja kubwa la damu likadondoka juu ya kitambaa cheupe cha kichwani alichokuwa amekitandaza mapajani, kile cha ibada. Mama akaliona. Akaufungua mkono. Akauvua uzi mwenyewe, kichwa kikiyumba, akauweka kwenye kiganja cha Dobi.

Nyumba ilikuwa nyuma ya soko. Dobi hakukumbuka baadaye alipita wapi. Alikumbuka tu kwamba alikuwa akisema kwa sauti, watu wakigeuka kumtazama: "Bwana, mshikilie. Bwana, mshikilie." Hakuwa na pumzi ya sala ndefu zaidi.

Aliinama chini ya kitanda, akavuta sanduku, akafungua.

Juu kabisa kulikuwa na kitu kilichofungwa kwenye khanga mpya. Aliuondoa upesi ule mzigo mdogo, na khanga ikafunguka. Ilikuwa fulana ya mtoto mchanga, ya sufu ya manjano, imefumwa kwa mkono, na kofia yake, na soksi zisizozidi kidole gumba. Sindano za kufumia zilikuwa bado zimechomekwa kwenye soksi ya pili, haijakamilika.

Dobi alibaki na soksi ile mkononi. Miaka yote ya ndoa yake, mawifi walimuuliza, majirani walimuuliza, hata wateja wa mashuka walimuuliza mtoto lini. Mama Redio, aliyekuwa na neno kwa kila jambo chini ya jua, hakuwahi kumuuliza hata siku moja. Kumbe hiki ndicho alichokuwa anakificha. Hakuwa analinda mikebe.

Hapakuwa na wakati wa kulia. Aliifunga khanga kama ilivyokuwa, akachimba chini yake. Akatoa mkebe wa unga wa lishe. Akatoa chupa ya vidonge vya kitunguu saumu na tangawizi, ambavyo hakuwahi kuviona. Akatoa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi, una unga wa kijivu, hauna hata herufi moja juu yake. Na chini kabisa akakuta pakiti za vidonge vya presha, zile alizozifuata yeye mwenyewe hospitali mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake. Zote zilikuwa zimejaa.

*Ninayo ya presha,* mama alikuwa amesema. Na ilikuwa kweli. Alikuwa nayo.

Dobi alifunga vyote kwenye khanga ya kiunoni, akafunga sanduku, akakimbia.

Daktari alivipanga juu ya trei ya vyuma. Unga wa mkebe aliusoma upande, akatikisa kichwa: majani na nafaka, hauna neno kubwa. Chupa aliisoma zaidi. "Kitunguu saumu kwenye mboga ni chakula," alisema. "Kikikamuliwa kikashindiliwa kwenye kidonge, ni kitu kingine. Hiki kinachangia, lakini hakifiki huku." Alipofika kwenye mfuko usio na maandishi, akaufungua, akanusa, akagusa unga kwa ncha ya kidole.

"Hii ni ya nini, mama?"

Mama Redio aligusa goti.

"Ilikusaidia?"

Kichwa: ndiyo, tena kwa shauku, hata katika hali ile.

"Ilichukua muda gani? Miezi? Wiki?"

Hapana. Hapana. Akaonesha jua dirishani, akalisogeza kidogo tu kwa kidole. Siku ile ile.

"Mizizi haina mbio hivyo," alisema daktari. "Dada, una namba ya huyo anayeuza?"

Simu iliita mpaka ikakaribia kukatika. Dobi aliiweka kwa sauti ya wazi juu ya trei.

"Dobi, mpenzi! Mama anaendeleaje na jino? Nina mafuta mazuri ya—"

"Mshauri, ule unga wa magoti una nini ndani?"

"Wa magoti? Ni asili tupu, dada. Mizizi na magome. Mungu mwenyewe kaotesha."

"Mizizi gani?"

"Aa, mchanganyiko. Ni siri ya wataalamu. Kwa nini?"

"Mama anatoka damu. Haisimami."

Nyuma ya simu kilisikika kijiko kikigonga kikombe, kisha kikaacha.

"Itakuwa jino, dada," Mshauri alisema, sauti imepanda. "Madaktari wa meno hawa wanavuta tu. Mimi mwenyewe nautumia ule unga. Mama yangu mzazi anautumia! Ningempa mama yangu sumu? Na ukianza kusema mtaani kwamba bidhaa yangu—"

"Dada," daktari aliingilia, "mimi ndiye niliyevuta. Sikutafuti ubaya. Kuna mtu amekaa mbele yangu anapauka. Kama ndani ya unga ule kuna kitu kingine unachokijua, kiseme sasa, maana nikijua nitajua la kufanya."

Kijiko kikaanza tena kukoroga. Mama Redio alikuwa ameikazia macho ile simu. Aliyekuwa upande wa pili ndiye aliyemfundisha neno lishe, ndiye waliyeshikana naye mikono katika maombi ya Alhamisi.

"Mshauri," Dobi alisema polepole, "mbele za Mungu."

"Sikusaga mimi." Sauti ilikuwa ndogo sasa, ya mtu mwingine kabisa. "Yule anayetuletea. Alisema wanasagia vidonge vya maumivu humo ndani. Vichache tu, alisema, ili mtu aone nafuu mapema asikate tamaa, halafu mizizi iendelee yenyewe. Nilidhani... vichache vina ubaya gani? Ni vile vile vya dukani." Akaanza kulia. "Anaweka vijiko vingapi? Nilimwambia kimoja!"

Daktari alimtazama Mama Redio. Mama Redio alifumba macho, akanyanyua vidole vitatu.

"Inatosha," alisema daktari. "Asante, dada. Umesaidia." Na alikuwa anamaanisha, kwa maana mikono yake ilikuwa tayari imeanza kazi. Aliongea na nesi kwa sentensi fupi, na safari hii alizimaliza zote. Baadhi ya dawa za maumivu huzuia damu isigande na hupandisha presha. Mgonjwa mwenye presha isiyotibiwa, akaongezewa hivyo vijiko na vile vidonge vya saumu, alikuwa kama bomba lililofunguliwa maji likavunjika koki. Nesi akapiga simu hospitali waandae gari, akawatajia vyote kimoja kimoja. Daktari akajaza pengo kwa dawa ya kugandisha, akapiga nyuzi kwenye fizi, akaweka shashi mpya iliyochovywa, akamwambia aume.

"Sasa?" Dobi aliuliza.

"Sasa tunasubiri."

Walisubiri. Feni ilizunguka juu yao ikilialia. Dobi alikuwa amepiga magoti pale pale kando ya kiti, na mkono wa mama mkwe ulikuwa ndani ya mkono wake, ingawa hakujua ni nani aliyeushika wa mwenzake. Alitaka kusali, maneno yakagoma. Akakumbuka jinsi mama alivyokuwa anakiombea kikombe kila asubuhi, kwa unyofu kabisa, na akajiuliza kama Mungu huwa anaudhika. Moyo ukamjibu kwamba haudhiki. Lakini Mungu aliyetoa sala ndiye aliyetoa macho na ulimi wa kuuliza, na kuombea kitu usichokijua si sawa na kukijua. Basi akaomba hilo tu: Bwana, tusamehe tusichokiuliza. Na izuie damu hii.

Daktari aliinama, akatoa shashi kwa koleo ndogo, akaiweka kwenye mwanga.

Ilikuwa na rangi ya waridi hafifu. Katikati kulikuwa na doa jeusi dogo, na doa lilikuwa na ukingo.

"Imeanza kuganda," alisema.

Dobi alikuwa ameuona ukingo kabla yake. Aliweka paji la uso kwenye mkono wa kiti akalia kwa sauti, bila aibu yoyote, na vidole vya Mama Redio vikaja vikakaa juu ya kichwa chake.

Hospitali walimlaza usiku ule wamwangalie. Asubuhi damu ilikuwa imetulia kabisa na presha imeanza kushuka, kwa vidonge vile vile vilivyolala sandukuni. Mwanawe alipiga simu, na Dobi akaishika karibu na sikio la mama, aliyeruhusiwa kuongea polepole bila kufungua mdomo sana.

"Usiwasumbue dada zako kuja," alisema Mama Redio kwa meno yaliyofungwa. "Nina mtu. Sikia, wewe. Watu husema damu nzito kuliko maji. Yangu jana ilikuwa imegeuka maji. Aliyeizuia nani? Muulize mkeo. Hapana, usimuulize, hataweza kukusimulia vizuri, nitakusimulia mwenyewe nikipona mdomo."

Habari nyingine ililetwa na jirani aliyekuja kumjulia hali. Mshauri alionekana alfajiri akipita nyumba kwa nyumba na begi lake kama kawaida, ila safari hii alikuwa anakusanya alichouza. Mlango mmoja walimtukana, mwingine walikataa kurudisha kwa sababu magoti yao hayajawahi kuwa mazuri hivyo, naye akakaa kizingitini akakataa kuondoka.

Dobi aliutoa ufunguo na uzi wake mfukoni. "Mama, nilifunga," alisema. "Kila kitu kiko kama kilivyokuwa."

Mama Redio alimtazama usoni, akitafuta. Dobi aliacha atafute. Kisha mama akauchukua ufunguo, akauvaa, akaupapasa kidogo kifuani.

"Soksi ya pili hunishinda kisigino," alisema akiangalia dirishani. "Macho. Wewe una macho mazuri."

"Nitakifuma mimi kisigino, mama."

Hawakusema zaidi, maana nesi wa zamu ya asubuhi alikuwa ameingia na kalamu yake. Alikuwa msichana mwenye haraka, vitanda vingi vikimngoja. Alisimama miguuni mwa kitanda bila kuinua uso.

"Shikamoo, mama. Kuna dawa yoyote unayotumia?"

"Marahaba. Vuta kiti, mwanangu."

"Nina wagonjwa wengi, mama. Ni ndiyo au hapana tu."

"Hiyo ndiyo au hapana ilinifikisha hapa. Usiniulize dawa, niulize kinachopita mdomoni." Mama Redio alijiinua kwenye mto, akamwashiria mkwe wake amwekee mwingine mgongoni. "Kaa vizuri, mwanangu. Tuanze na chai."